Zulia la Mkono Husomwa Mgongoni

Mazulia mengi yanayouzwa Kampala kwa jina la "Uturuki" au "Uajemi" yametoka kiwandani. Hilo peke yake si kosa, maana zulia la mashine linafunika sakafu na bei yake inaeleweka. Kosa ni kulipia miezi ya kazi ya vidole kisha ukabebeshwa kazi ya mashine. Kwa hiyo ukifika dukani Kikuubo, au sebuleni kwa mtu anayehama na kuuza vyombo vyake, usianze na bei. Anza na ombi: "Mzee, naomba tuligeuze." Anayejua mali yake hakatai.

Zulia la mafundo halifichi kitu mgongoni. Ua lililoko juu linaonekana vilevile chini, rangi kwa rangi, kwa sababu kila fundo ni uzi uliofungwa kwa mkono kwenye nyuzi mbili za mtande, yaani nyuzi za urefu, kisha mshindio, uzi wa upana, ukapitishwa na kugongwa kwa chanuo zito. Mistari haijanyooka kikamilifu: hapa imebanana, pale imeachia kidogo. La mashine nalo linaweza kuonyesha ua mgongoni, lakini mistari yake iko sawasawa kutoka ncha hadi ncha. Tazama pia matamvua. Ya kweli ni ncha za mtande wenyewe zinazotokeza nje. Ukiona yameshonewa juu ya ukingo, ama ni la mashine au limekarabatiwa, na muuzaji akueleze ni lipi kati ya hayo mawili.

Kuna aina ya tatu ambayo inawapoteza wengi. Ukikuta mgongo umefunikwa kitambaa kilichobandikwa, hilo ni zulia la bunduki. Fundi anachomeka nyuzi kwenye turubai kwa kifaa cha mkononi chenye umbo la bunduki, kisha zinashikizwa kwa gundi ya mpira. Kwa kuwa bunduki imeshikwa na mtu, muuzaji huliita la mkono bila kusema uongo. Ila halina fundo hata moja. Gundi ikizeeka hukauka, hupasuka na kudondoka unga sakafuni, na ikilowa hutoa harufu isiyotoka. Ni vigumu kulikarabati au kuliuza tena.

Ukishathibitisha mafundo, yahesabu. Chukua rula, hesabu mafundo kwenye sentimita 10 za upana, kisha sentimita 10 za urefu, zidisha, halafu zidisha kwa 100. Ukipata 40 kwa 40, ni mafundo 160,000 kwa mita mraba. Hapa pana mtego. Kila fundo limekaa juu ya nyuzi mbili za mtande. Nyuzi hizo zikiwa zimelala sawa, fundo moja huonekana mgongoni kama vitone viwili vya rangi moja vilivyokaa bega kwa bega. Uzi mmoja ukiwa umezamishwa nyuma ya mwenzake, huonekana kitone kimoja tu. Anayehesabu vitone badala ya mafundo anaongeza idadi maradufu. Tafuta mstari mwembamba kuliko yote kwenye nakshi, ule unaozunguka jani au ua, unaopanda wima kuelekea matamvua. Upana wake kwa kawaida ni fundo moja, na hapo utajua kama unahesabu kimoja au jozi.

Hesabu hii ndiyo inayoeleza bei. Mfumaji mzoefu hufunga kama mafundo 8,000 kwa siku. Zulia la mita 2 kwa 3 lenye mafundo 160,000 kwa mita mraba lina mafundo 960,000, yaani siku 120 za mtu mmoja. Ukitajiwa bei ambayo hailipi hata mwezi mmoja wa mshahara, zulia hilo si la mafundo, au kuna aliyepunjwa. Upo na udanganyifu wa ufumaji wenyewe: kufunga fundo moja juu ya nyuzi nne za mtande badala ya mbili. Kazi inapungua nusu, na zulia linakuwa jepesi na kulegea. Panua manyoya ya juu ya zulia kwa vidole utazame chini.

Hata hivyo, usiifanye idadi kuwa kipimo pekee. Zulia la Pazyryk, lililofukuliwa mwaka 1949 kwenye kaburi lililoganda barafu huko milima ya Altai, Siberia, na sasa liko makumbusho ya Hermitage, Urusi, lina mafundo yapata 360,000 kwa mita mraba na umri wa zaidi ya miaka 2,300. Ufumaji wa kubana si uvumbuzi wa jana. Nakshi za mizunguko za Isfahan au Nain, miji ya Iran, zinahitaji mafundo mengi. Nakshi za pembe za Heriz, nako Iran, haziyahitaji, na zulia la Heriz lenye mafundo machache huvumilia viatu vya ukoo mzima.

Mimi naiweka sufu mbele ya idadi. Sufu nzuri ina mafuta yake ya asili, inang'aa kwa utulivu, na ukiikandamiza inainuka. Mbaya ni ile iliyong'olewa kwa chokaa kwenye ngozi ya kondoo aliyekwisha kuchinjwa: kavu, haina uhai, inavunjika. Sugua kwa kiganja kwa dakika moja. Zulia jipya hutoa nyuzi kidogo, ni kawaida. Likiendelea kutoa mafungu, liache.

Hariri ndiyo yenye hila nyingi. Majina kama "hariri ya mianzi" na "hariri ya ndizi" yanavutia sikio, hasa katika nchi ya matooke, lakini mara nyingi kilichomo ni viskosi, uzi unaotengenezwa kwa rojo ya mbao. Ukilowa hupoteza nguvu, hulala na kugeuka manjano. Omba nyuzi mbili tatu za manyoya, si za matamvua, uzichome nje ya duka. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Viskosi na pamba hunuka karatasi. Plastiki huyeyuka ikawa shanga ngumu.

Kwa rangi, bana kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya nyekundu na ya nili kwa dakika moja. Kikitoka na rangi, zulia hilo litaharibika siku ya kwanza ya kufuliwa. Tofauti ndogo za rangi katika uwanja mmoja, mathalani bluu inayokolea kisha kufifia kwa mistari ya upana, si kasoro. Zinatokana na mafungu ya uzi yaliyochovywa kwa nyakati tofauti.

Zulia lililotumika likunje pembe polepole ukisikiliza. Likitoa mlio wa kukatika, pamba ya mtande imeoza kwa unyevu, na hakuna fundi atakayeliokoa.

Kwetu maadui ni watatu: jua la ikweta, vumbi jekundu na mvua ndefu. Lizungushe nusu duara kila miezi sita ili lipauke sawasawa. Vumbi lina chembe kali zinazokata sufu kwenye shina, kwa hiyo pitisha mashine ya kufyonza isiyo na brashi inayozunguka, mgongo kwanza, kisha juu. Kulitundika kwenye kamba na kulipiga fimbo kunakata mtande. Usilifue kati ya Machi na Mei wala Septemba hadi Novemba kama huna hakika litakauka hadi ndani. Likihifadhiwa, liviringishe, usilikunje, na lifunge kwa shuka la pamba. Nailoni hufungia unyevu. Viwavi vya nondo hupenda giza lisiloguswa, hivyo kagua chini ya makochi kila mwezi.

Mwagizaji anayedai ameleta mazulia ya mafundo, mwombe karatasi za forodha. Mazulia ya mafundo huingia chini ya namba 5701, yaliyofumwa bila mafundo, yaani kilimu (zulia lisilo na manyoya) pamoja na mengi ya mashine, chini ya 5702, na ya bunduki chini ya 5703. Tarakimu hizo nne ziko kwenye tamko lake mwenyewe kwa mamlaka ya mapato, na kabla ya kutoa fedha inafaa uzilinganishe na ulichokiona mgongoni.