Kitabu Kilichoniletea Bili

Jumanne nimetoka zamu ya usiku, nafungua sanduku la barua, nakuta bahasha ya maktaba. Mliowahi kuishi Ujerumani mnaijua hofu ya bahasha. Huku habari mbaya haipigi simu. Inachapwa, inakunjwa mara tatu na kukusubiri mlangoni. Ndani wameandika kwamba kitabu nilichoazima hakijarudi, muda wa nyongeza umekwisha, nilipe thamani ya kitabu kipya pamoja na ada ya kushughulikia. Ada yenyewe imezidi bei ya kitabu! Nikaisoma mara ya pili nikiomba Kijerumani changu ndicho kiwe kibovu. Kilikuwa kizuri tu.

Wala sikukipoteza. Nilimwazima binti tuliyekuwa tunaishi naye nyumba moja, mdogo wangu kwa umri na kwa miaka ya kukaa huku. Usiku mmoja nilimkuta jikoni taa imezimwa, mtihani wa Kijerumani wa kiwango cha B2 umemwangusha mara ya pili, na bila cheti kile mafunzo ya uuguzi yanasimama. Sikuwa na la kumwambia. "Pole" nilishaitumia mara ya kwanza. Nikaenda chumbani nikamletea kitabu. Miezi miwili baadaye akapata nafasi mji mwingine, akafunga mizigo, akanikumbatia, akaondoka nacho. Kwetu wanajua: kitabu ukimwazima mtu umekioza. Ama kimepata mume, ama kimeoza kweli.

Ni kile cha Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili wa Vienna, Myahudi aliyepitishwa kwenye kambi nne za Wanazi. Alifika Auschwitz, moja ya kambi hizo, na muswada wa kitabu chake cha kitaalamu ameuficha ndani ya koti, wakamnyang'anya koti na muswada. Akawa namba 119104. Mke, mama, baba na kaka yake hawakutoka hai. Alipokombolewa mwaka 1945 alitunga kitabu hiki kwa siku tisa, kikachapwa mwaka 1946. Anaeleza kwamba kuna kitu kimoja walinzi hawakuweza kumpora mfungwa: namna anavyoamua kuyapokea yanayompata.

Jina la kitabu kwa Kijerumani ndilo lililoninasa kwanza, maana lina neno "trotzdem". Mwalimu wetu wa lugha alilifundisha kwa mifano ya mvua na mwavuli, nikalikariri kama kiunganishi tu. "Hata hivyo." Kumbe jina zima linasema: hata hivyo, kuyaambia maisha ndiyo. Nilikuwa nasoma kurasa tatu kwa usiku, kamusi pajani, wazee ninaowahudumia zamuni wamelala, kengele zao za kuniita zimenyamaza. Sidhani ningekielewa vile kama ningekisoma haraka.

Nawaandikia haya kwa sababu kila wiki napata ujumbe: "Dada, tutajie vitabu vilivyokubadilisha maisha." Ninajua mnachotaka. Mnataka vile vyenye dhahabu kwenye jalada. Nilivinunua mimi, vingi, mwaka wangu wa kwanza, kwa mshahara wa mwanafunzi ambao haukutosha hata kuniudhi vizuri. Vinaamuru uamke saa kumi alfajiri kama washindi. Saa kumi alfajiri mimi niko kazini, namgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo! Hakuna mwandishi hata mmoja kati ya wale aliyewahi kuwaza kwamba msomaji wake huenda ndiye anayefanya kazi ili washindi walale hadi hiyo saa kumi. Niliviacha kwenye kabati la barabarani la vitabu vya bure, na nakiri kwamba asubuhi yake vilikuwa vimekwisha.

Baada ya Frankl nikamtafuta Epictetus wa enzi za Warumi, aliyezaliwa mtumwa, akafundisha falsafa, wala hakuandika kitu. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeyaweka maneno yake kwenye maandishi. Kijitabu chake ni chembamba, kinaingia mfuko wa sare. Kinaanza kwa kugawa dunia mafungu mawili: yaliyo mikononi mwetu na yasiyo mikononi mwetu. Mwezi niliokuwa nasubiri kibali cha kukaa kiongezwe, hicho kijitabu ndicho kilichonipa usingizi. Kibali kiko mezani kwa karani, si kwangu. Basi, lala.

Lakini Epictetus huyohuyo alinikosesha pesa, na hili wenye kupenda nukuu hawalisemi. Mahali nilipokuwa nafanya kazi walikuwa hawaziandiki saa zangu za ziada. Mwezi wa kwanza nikasema si mikononi mwangu. Mwezi wa pili hivyohivyo. Nikawa mtulivu, mwenye hekima, na maskini. Mfanyakazi mwenzangu Mturuki, ambaye sijui kama amewahi kumaliza kitabu chochote, alinitazama akauliza: daftari unalo? Kalamu unayo? Kwa nini huandiki saa zako? Nikaandika, nikaenda nazo chama cha wafanyakazi, miezi mitatu baadaye nikalipwa. Kumbe kalamu ilikuwa kwenye lile fungu la kwanza, mimi ndiye niliyeipanga vibaya. Tangu hapo mtu akinipa kitabu cha kunituliza, nauliza kwanza nani anafaidika na utulivu wangu.

Nyinyi mnaojiandaa kuja, sikilizeni kidogo. Kadi ya maktaba ichukueni mapema, mkishajiandikisha anwani tu. Baridi ikianza mtapata pa kukaa penye joto na meza, na hakuna atakayewauliza mmenunua nini. Lugha anzeni huko huko, msingoje ndege. Na kitabu cha maktaba kiko kwenye jina lako hata kikiwa mkononi mwa mwingine. Mimi nimelipia somo hilo, nyinyi lichukueni bure.

Jambo jingine: mizigo. Nilikuja na kilo 23 za nguo ambazo baridi ya huku ilizicheka. Sikubeba kitabu hata kimoja cha Kiswahili. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapwa mwaka 1951, nilikuwa nimeisoma shuleni kwa ajili ya mtihani. Nilijua wahusika, dhamira, na maksi ngapi zinatolewa kwa kila hoja. Mwaka wa nne huku mtu aliyekuwa anahama akanigawia nakala iliyochakaa, nikaisoma kwenye treni, nikapitiliza kituo changu.

Mnakumbuka kisa? Nchi inayoelea angani, Karama kashtakiwa kwa kufundisha sheria, naye anajitetea kwa kuwasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za nje. Kila mmoja alikwenda, akateseka njiani, akajifunza jambo, akarudi nalo kwao. Wakaishia gerezani. Shuleni niliandika "dhamira: uongozi mbaya" nikapata maksi zangu. Kwenye treni ile niliwaza nilivyorudi likizo nikathubutu kusema jambo moja tu kuhusu kupanga foleni, wakaniambia, "Haya, Mzungu amefika." Hawakunifunga, lakini nilinyamaza wiki tatu zilizobaki. Tena, kusema kweli, huenda nililisema kwa sauti ya majivuno. Wajumbe wale Shaaban Robert aliwafanya wapole kuliko mimi. Hicho ndicho kitabu kilichonibadilisha zaidi, na nilikuwa nimekimiliki kichwani tangu utotoni bila kukisoma.

Maktaba nimewalipa. Karani aliniambia kwa upole kwamba wameshanunua nakala nyingine, hivyo ile ya zamani ikipatikana ni mali yangu. Nikatoka pale nikamwandikia yule binti ujumbe mrefu wenye hasira. Akanijibu kwa sauti, anacheka na kulia: "Dada, usinisute, B2 nimefaulu!" Akatuma picha ya ukurasa uliopigiwa mistari kwa kalamu ya kijani, kitabu cha maktaba, jamani.

Nikamwambia hongera, na sasa kitume kwa posta, kitabu ni changu kisheria.

Akakaa kimya dakika kadhaa. Kisha akaandika: "Dada, picha hiyo ni ya mwezi uliopita. Nimemwazima mwenzangu wa zamu."