Kazi ya Moto Imekwisha, ya Kioo Bado
Somo: 1 Wafalme 19:1–8

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kwenye mafungo ya mwisho wa juma kule Kigamboni, katikati ya vipindi vya maombi tulifundishwa kazi ya mikono: kuunganisha vioo kwa moto. Vioo vya rangi vya madirisha ya kanisa wengi tunavijua, vile vinavyoshikwa pamoja kwa mikanda ya madini ya risasi. Hapa risasi haipo, gundi nayo haishikilii kitu. Vipande hupangwa juu ya kioo kingine, vikaingizwa tanurini, na joto likifika nyuzi 800 hivi za Selsiasi vinalainika na kuwa kitu kimoja.

Kukata tu kunataka utulivu. Kuna kalamu yenye kigurudumu kidogo cha chuma. Unachora mstari mara moja, hurudii, ukisikiliza mkwaruzo mwembamba usiokatika. Kisha unabana kwa koleo, na kioo kinaachia pale pale ulipochora. Alama za vidole unazifuta kabisa, maana zikiingia motoni zinabaki. Vioo navyo lazima viwe vya jamii moja, vinavyotanuka na kunywea sawasawa. Ukichanganya cha chupa na cha dirisha, vitashikana motoni na kupasuana vikipoa.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kupoa. Kwenye joto la juu kabisa kazi hukaa dakika chache tu. Baada ya hapo joto hushushwa hadi nyuzi 500 hivi, likashikiliwa hapo, kisha likapunguzwa polepole kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha. Upande wa nje wa kioo hupoa kabla ya ndani, na ukiharakisha, tofauti hiyo inaacha mvutano usioonekana kwa macho. Kazi itatoka inang'aa, itawekwa mezani, na siku nyingine itapasuka bila kuguswa na mtu. Mmoja wetu aliomba tuchungulie tanurini, kwa kuwa rangi zilikuwa zimeshashikana. Fundi akamjibu, "Kazi ya moto imekwisha, mama. Ya kioo bado."

Nilimkumbuka nabii Eliya. Moto umeshuka mlimani Karmeli, watu wameanguka kifudifudi, mvua imenyesha. Muda si mrefu huyu mtumishi, akimkimbia Malkia Yezebeli aliyeapa kumwua, yuko jangwani chini ya mretemu, anaomba afe. Mungu hakumkemea. Hakumtaka asimame atoe ushuhuda. Alimwacha alale, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akalala tena. Malaika akaja mara ya pili: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Maswali ya Mungu yalikuja baadaye, mlimani Horebu, baada ya siku 40 za kutembea.

Hapa Dar mtu akifiwa tunajaa. Turubai, viti, masufuria, kwaya, michango. Mkimaliza kuzika, turubai linakunjwa, na Jumapili ya pili au ya tatu tunamuuliza mjane mbona haonekani kwenye kipindi cha sifa. Aliyetoka Muhimbili baada ya upasuaji mkubwa tunampa kipaza sauti kabla hajaanza kulala usingizi mzima. Naamini tunafanya hivyo kwa upendo, ila ni upendo wenye haraka, na nimewaona watu wakivunjika miezi mingi baada ya msiba, wakati kila mtu alishadhani wamepona. Wakivunjika tunasema imani ilikuwa ndogo. Naona hilo ni kuwaonea.

Jumuiya yetu ina dada aliyefiwa na mume mwanzoni mwa mwaka. Juma hili akina mama wamegawana zamu za kwenda kwake jioni, Mbagala. Hawaendi kuhubiri. Wanapika naye, wanakula naye, wanaosha vyombo, na akitaka kunyamaza wananyamaza naye. Wanaotoka kazini Kariakoo watachukua zamu za Alhamisi na Ijumaa. Majina yaandikishwe kwa katibu kabla ya ibada ya Jumatano.