Siku moja gereji, Lubumbashi: kufunga ekzosi mpya kwenye Toyota 86

Saa 1:30 asubuhi. Gari imelala gereji tangu jana jioni, kwa makusudi. Ekzosi, yaani bomba la kutolea moshi (eshapema, wanavyoiita wengi hapa mjini), haifunguliwi ikiwa moto, na boliti zake zinataka usiku mzima wa kunywa mafuta ya kulegeza kutu. Zilipuliziwa jana, zinapuliziwa tena sasa. Hii ni 86 ya usukani wa kulia iliyotoka Japani. Gari zilizowahi kuishi sehemu za theluji kule zimepita kwenye barabara zinazomwagwa chumvi, na chumvi hiyo hula boliti za ekzosi kabla ya kitu kingine chochote.

Kabla ya jeki, vipimo. Pima kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya bomba la zamani. Pima nafasi kati ya kila ncha na bampa: juu, chini, kushoto, kulia. Andika, piga na picha. Asiyepima asubuhi, jioni atabishana na mwenye gari na hatakuwa na jibu.

Saa 2:00. Boksi linafunguliwa. Ndani: bomba la kati lenye resoneta (kopo la kupunguza mvumo), sailensa (kopo la kupunguza sauti) ya nyuma yenye ncha mbili, gasketi mbili, boliti na nati. Seti hii inaanzia nyuma ya katalaiza (kifaa cha kusafisha moshi), kwa hiyo sensa za oksijeni haziguswi kabisa, na taa ya injini haina sababu ya kuwaka. Anayetaka kubadilisha na sehemu ya mbele anaanza kazi nyingine: sensa za spana 22, katalaiza, na hitilafu ya P0420 (katalaiza haisafishi moshi inavyotakiwa) kwenye kompyuta ya gari.

Sumaku inafuata. Chuma cha pua cha SUS304 hakishiki sumaku, au kinaishika kidogo tu kwenye kona na kwenye weldi. Bomba lililouzwa kwa jina la 304 likishika sumaku kwa nguvu kutoka mwanzo hadi mwisho, si 304. Linaweza kuwa chuma cha pua cha daraja la chini au chuma cha kawaida kilichong'arishwa. Halafu flanji, bapa la mwisho wa bomba linalofungwa boliti: weka rula ya chuma kwenye uso wake, shika tochi nyuma. Mwanga ukipenya katikati, flanji ilipinda wakati wa kuchomelewa na itavuja hata ukikaza hadi boliti ikatike. Isawazishwe kwa tupa sasa, ikiwa mezani.

Boliti nazo zina mtego wake. Gari za Japani hutumia sana M10 (unene wa milimita 10) yenye hatua ya uzi ya milimita 1.25, kichwa cha spana 14. Dukani ukiomba "boliti ya kumi" mara nyingi unapewa hatua ya 1.5. Zinafanana machoni. Ya 1.5 itaingia mizunguko miwili kwa mkono kisha itagoma, na anayeiongezea nguvu kwa spana anaharibu uzi wa flanji. Boliti sahihi inaingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho.

Saa 3:00. Gari inapanda kwenye stendi nne. Sakafu yetu ni udongo mwekundu ulioshindiliwa, kwa hiyo chini ya kila stendi kuna ubao mnene, la sivyo mguu wa stendi unazama taratibu. Tikisa gari kwa nguvu kabla ya kichwa cha mtu yeyote kuingia chini yake.

Saa 3:30. Kutoa ya zamani. Soketi ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili, maana kichwa kilicholiwa na kutu huteleza. Legeza robo mzunguko, rudisha, legeza tena, puliza mafuta. Hakuna kuwasha moto wa gesi hapa: tangi la petroli liko chini ya kiti cha nyuma, jirani kabisa na bomba. Boliti ikikatika, piga alama katikati, toboa kwa keekee ya milimita 3, kisha 6, kisha 8.8, halafu pitisha tepu (chombo cha kukata uzi) ya M10 × 1.25. Inachukua saa nzima, ndiyo maana mafuta yanaanza usiku.

Mipira ya kuning'iniza inavuliwa mwisho, watu wawili wakiwa wameshika sailensa. Ipake maji ya sabuni. Grisi na mafuta ya injini huufanya mpira uvimbe na kuoza. Uliopasuka usirudishwe.

Saa 5:00. Hapa ndipo kazi yenyewe. Ekzosi haifungwi kwenye gari, inaning'inizwa. Injini inapotikisika bomba linasogea nayo, na likipata moto linarefuka. Hesabu yake ni hii: 304 hurefuka karibu milimita 17 kwa kila mita 1,000 ikipanda nyuzi moja ya joto. Bomba la mita 2 likipanda nyuzi 300 linaongezeka takriban milimita 10. Ncha iliyokaa vizuri asubuhi ikiwa na nafasi ya milimita 5 nyuma yake, mchana inausukuma ukingo wa bampa na kuuyeyusha.

Basi kila kitu kinaning'inizwa kikiwa kimelegea: bomba la kati kwanza, gasketi, sailensa, boliti kwa vidole tu. Kisha tunalizungusha na kulisukuma mpaka kila mpira unaning'inia wima bila kuvutwa upande, na kuna walau milimita 20 kati ya bomba na bodi, shafti na kinga ya joto. Kijana aliye nyuma anaingiza vidole viwili juu ya ncha ya kulia. "Yaya (kaka), huku iko nagusa." Kosa haliko kwenye ncha hata kidogo. Liko mita moja na nusu mbele, kwenye flanji ya kwanza: nyuzi moja ya pembe pale inakuwa zaidi ya sentimita mbili huku. Tunarudi mbele, tunazungusha kidogo sana, ncha inashuka.

Saa 6:30. Chakula cha mchana: bukari (ugali) na lengalenga (mchicha). Bomba linabaki likining'inia bila kukazwa, mipira ipate kutulia chini ya uzito wake mpya.

Saa 7:30. Kukaza kuanzie mbele kwenda nyuma, boliti mbili za flanji kwa zamu, hadi nyutoni-mita 40 au 45, isipokuwa karatasi ya mtengenezaji imeandika vingine. Kisha futa bomba lote kwa spiriti. Alama ya kidole kwenye chuma cha pua ikichomwa na joto haitoki tena.

Saa 8:15. Washa injini ikiwa baridi. Mmoja anaziba ncha kwa kitambaa kinene, mwingine anapuliza maji ya sabuni kwenye viungo. Mapovu ni uvujaji. Moshi mwepesi wa dakika chache za mwanzo ni mafuta ya kiwandani yanayoungua, hauna neno.

Saa 9:00. Barabara ya Likasi, kusikiliza mvumo. Injini ya silinda nne hulipua mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo gawanya mizunguko ya dakika kwa 30 upate hetsi, yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde. Gia ya sita, kilomita 100 kwa saa, 86 hii inazunguka kama 2,700, yaani hetsi 90, sauti nzito inayokaa kichwani safari nzima. Kama kibanda kinavuma hapo, dawa ni resoneta kubwa zaidi, au bomba la pembeni lililozibwa mwisho lenye urefu wa kama mita 1.3, robo ya wimbi la sauti hiyo ndani ya moshi wa moto. Pamba mpya kwenye sailensa haitauondoa mvumo huo.

Nguvu nazo zisemwe wazi kwa mwenye gari. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, kanieneo ya hewa iko chini kwa kama asilimia 13, na farasi 200 za kiwandani hazipo zote hapa. Ekzosi ya nyuma ya katalaiza inaongeza farasi wachache tu. Anayelipa alipie sauti na wepesi wa chuma.

Saa 10:30. Gari imerudi, bado moto. Pima tena ncha na bampa sasa hivi, kabla bomba halijapoa na kufupika: nyuma zimebaki milimita 14. Rangi nyeupe inachorwa kutoka nati hadi flanji, mstari mmoja kila boliti. Gari inalala hapa usiku wa pili. Asubuhi, ikiwa baridi, spana itapita kwenye kila mstari, na funguo hazitoki kabla ya hapo.