Swali la Samweli na bahasha ya Port of Spain

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome 1 Samweli 12:1–5.

Samweli amezeeka, taifa lina mfalme mpya. Anasimama mbele ya watu wote na kuuliza: nimetwaa ng'ombe wa nani? Punda wa nani? Nimepokea rushwa mkononi mwa nani, ikanipofusha macho? Mwenye dai aseme, nami nitamrudishia. Hakuna aliyemlazimisha kuuliza.

Hapa Moshi vijana wetu hawana habari nyingine ila AFCON ya 2027 na uwanja mpya wa Arusha. Nafurahi nao. Lakini naupenda mpira huu kiasi kwamba siwezi kunyamazia mikono iliyoushika.

Mei 2011, viongozi wa soka wa visiwa vya Karibiani walikutana Port of Spain, Trinidad, kumsikiliza mgombea urais wa FIFA. Baadaye wakaitwa chumbani, wakapewa bahasha. Mjumbe wa Bahamas akafungua ya kwake: dola 40,000, noti tupu. Akazipiga picha, akazirudisha. Nimemfikiria sana mtu huyu. Pesa ipo mkononi, mlango umefungwa, na macho yake bado yanaona!

Miaka 4 baadaye, alfajiri ya 27 Mei 2015, polisi wa Uswisi waliwakamata viongozi 7 wa soka hotelini Zurich. Mashtaka ya Marekani yalitaja rushwa ya zaidi ya dola milioni 150 ndani ya miaka 24. Februari 2016 FIFA ikapitisha mageuzi: rais asizidi miaka 12, na malipo yake yatangazwe. Ni hatua njema. Lakini Desemba 2022 baraza lake likaamua kwamba kipindi cha kwanza cha rais wa FIFA, Infantino, 2016 hadi 2019, hakihesabiwi katika ile miaka 12. Hilo limeniuma, kwa sababu aliyenufaika ni yule yule aliyewekewa ukomo.

Nami nina la kwangu. Mwaka jana nilipanga ratiba ya ligi ya vijana wa kanisa. Mlezi wa timu moja alinipa mkono getini, na mkono wake ulipotoka kiganjani kwangu zilibaki noti mbili za elfu kumi. "Mzee, hii ya soda tu." Timu yake ikacheza jioni, jua limepoa. Wenzao nikawapanga saa nane mchana, vumbi na jua la utosini, na mtoto mmoja akaanguka kwa kizunguzungu. Kutoka 23:8 inasema rushwa huwapofusha wanaoona. Mwaka mzima nimeitazama ratiba ile nikaona soda.

Nimemwomba mchungaji dakika tano Jumapili, baada ya matangazo. Nitasimama na zile elfu ishirini na ratiba ya mwaka jana, niwaulize wale vijana wa saa nane swali la Samweli, kisha nikae nisikie watakachosema.