Mzee hakuleta magunia tisa

Simu ililia saa mbili kasoro usiku. Msimu wa korosho ulikuwa ndio kwanza umeanza, na mpigaji alikuwa karani wa mizani wa chama cha msingi kimoja kule Newala, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ambako ukisimama pembeni unaliona bonde lote la Ruvuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hii programu yako imemwandikia mzee wa watu magunia tisa. Kaleta matatu."

Nilifungua hifadhidata. Kilo 241, jina lile lile, mizani ile ile, mistari mitatu. Jumla kilo 723. Kilichotofautiana ni saa ya kupokelewa tu. Programu niliiandika peke yangu, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu.

Kilichotokea ni hiki. Simu ya karani ilituma uzito. Seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza rekodi zote, ikaupokea, ikauhifadhi, ikajibu kwamba tayari. Jibu likapotelea njiani, maana pale ghalani simu hurukia mnara wa Msumbiji kisha ikarudi nyumbani, na kila ikiruka, mawasiliano yanakatika. Baada ya sekunde 30 za ukimya simu ikadhani haikusikika, ikatuma tena. Na tena. Nilikuwa nimeifundisha kwamba kimya maana yake ni hapana, kumbe aliyenyamaza huenda ameshasikia na kutenda, sauti yake tu ndiyo haikufika.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba TCP, kanuni ya kusafirisha data mtandaoni bila kupotea, naijua vizuri. Kila baiti, kipande kidogo cha data, ina namba yake, mpokeaji anakiri alipofikia, kisichokiriwa kinatumwa upya, kikija mara mbili nakala inatupwa. Mambo hayo yameandikwa tangu 1981. Nikajiambia basi, wakubwa wameshamaliza kazi. Lakini namba hizo zinaishi ndani ya muunganisho mmoja tu. Ukikatika zinakufa nao, na ukifunguliwa mwingine seva haina habari kwamba huyu anayebisha hodi ni yule wa dakika iliyopita.

Onyo lilikuwepo. Jerome Saltzer, David Reed na David Clark wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, waliandika mwaka 1984 kuhusu mtandao wa chuoni kwao, ambako kila kipande cha njia kilikuwa na ukaguzi wake. Watu wakauamini. Kumbe kompyuta moja ya katikati ilikuwa, wakati wa kunakili data ndani ya tumbo lake, inabadilishana nafasi za baiti mbili, takriban mara moja katika kila baiti milioni. Ukaguzi wa njiani haukuona kitu, kwa sababu kosa halikutokea njiani. Faili za programu ziliharibika polepole, na wenyewe wakaishia kuzilinganisha kwa macho na karatasi za zamani. Hoja yao: uhakika wa mwisho lazima utolewe na ncha mbili zenyewe, mtumaji na mpokeaji.

Hayo yote niliyasoma, lakini dawa alinipa karani. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Kitabu changu kina namba kabla sijaandika jina la mtu."

Kweli. Kitabu cha stakabadhi kinatoka kiwandani na namba zake. Mimi nilikuwa naiachia seva itoe namba baada ya kupokea, ndiyo maana kila ujio ukawa mzigo mpya. Siku ile ile nikageuza. Sasa simu inazalisha kitambulisho cha biti 128 mara karani anapobonyeza "pima", inaandika rekodi kwenye hifadhi yake yenyewe kwanza, ndipo inatuma. Hifadhidata ya seva inakataa kitambulisho kujirudia. Kikija tena, seva haigombi, inarudia jibu lile lile la mwanzo. Simu haifuti kitu mpaka ilisikie jibu hilo. Na kati ya jaribio na jaribio inasubiri mara mbili ya muda wa jaribio lililotangulia, ikiongeza sekunde chache za bahati nasibu, ili mnara ukirudi simu zote zisipige kelele kwa pamoja.

Picha za mizani nilizitatua kivingine. Zamani zikikatika kwenye asilimia 90 zinaanza upya na kumaliza bando la karani. Sasa simu inauliza kwanza, "umefikia baiti ya ngapi?" na kuendelea hapo. Mwishoni seva inapiga hesabu ya SHA-256, aina ya alama ya kidole ya data, ya picha nzima, na isipolingana na ya simu, picha inatupwa.

Juzi nilichungulia kumbukumbu za seva. Stakabadhi moja ilikuwa imebisha hodi mara 14 kabla simu haijasikia jibu. Kilo ziliandikwa mara moja.

Karani bado anajaza kitabu cha karatasi, na kabla ya kufunga ghala anakilinganisha na programu, mstari kwa mstari. Sijamwambia aache.