Swali la Mzee wa Juri

Mwezi wa saba 2009, hapa Bukavu, nilitetea kazi yangu ya kumaliza masomo. Mada ilikuwa mabwawa ambayo ukuta wake ni mlima wa mawe yaliyoshindiliwa, na upande wa maji umevikwa bamba la zege. Kwetu utetezi ni sherehe. Mama alikuja na shangazi zangu, vitenge vipya, kreti za soda zikingoja uani.

Wawili wa juri waliniuliza mahesabu, kwa Kifaransa, tukapita haraka. Wa tatu, mzee aliyezeekea kwenye machantie, yaani kwenye kazi za ujenzi, alivua miwani akahamia Kiswahili.

“Mtoto wangu, weka mahesabu kando. Tetemeko la mwaka jana lirudi sasa hivi, na wewe umesimama juu kabisa ya ukuta wako. Ungependa likute bwawa limejaa ama liko tupu?”

Ukumbi ukachangamka. Nani angesahau? Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, saa tatu na nusu asubuhi, watu wako misani. Kipimo kilikuwa 5.9 tu, lakini ng’ambo, Rwanda, kanisa liliangukia waumini. Baada ya hapo, kwenye avenyu yetu, yeyote aliyesema “Ruzizi imepasuka”, yaani bwawa la mto huo, alisikilizwa papo hapo, hata akiwa amelewa.

“Limejaa, Papa,” nilijibu.

Shangazi mmoja alifyonza, nikamsikia hadi mbele.

Nilieleza kwamba bamba lile si nguzo. Ni jembamba, sentimita 30 kileleni, likinenepa kidogo kuelekea chini. Kazi yake ni kuzuia maji yasipite, kama shitingi juu ya lundo la makaa. Mzigo wote unabebwa na mawe. Maji yakijaa yanalikandamiza bamba kwenye mawe, na kwa kuwa uso umelala, yanausukuma ukuta mbele na pia chini, kwenye msingi. Ndani, mawe yanabaki makavu, kwa hiyo tetemeko halikuti maji ya kuyalegeza.

“Na maji yenyewe yakitikisika?”

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Mhandisi Westergaard alikokotoa msukumo huo mwaka 1933, lakini kwa ukuta wima. Kwenye uso uliolala unapungua. Kisha nikaleta Zipingpu, bwawa la China lenye kimo cha mita 156. Tarehe 12 Mei 2008, miezi mitatu tu baada ya tetemeko letu, tetemeko la Wenchuan lenye kipimo cha 8 lililipiga kwa karibu, kupita kiasi lilichosanifiwa. Kilele kilizama kama sentimita 70. Maji siku hiyo yalikuwa chini, na mabamba ya juu, yasiyo na kitu cha kuyakandamiza, yaliachana na mawe yaliyokuwa yakizama chini yake. Kwenye ungio moja bamba lilihama sentimita 17. Uvujaji uliongezeka kidogo, ukuta ukabaki.

Mzee hakutabasamu. Alisema kilele kikizama sentimita 70 na maji yako karibu nacho, wimbi moja linaweza kupita juu na kuanza kubeba mawe ya upande wa pili. Alikuwa na haki, na ndiyo maana wasanifu huacha nafasi kubwa kati ya maji na kilele. Akauliza tena: bila tetemeko, je, bamba haliwezi kupasuka?

Linaweza. Mohale kule Lesotho na Campos Novos ya Brazil hazikutikiswa na chochote. Maji yalipopanda, mawe yalibonyea, yakayavuta mabamba kuelekea katikati ya bonde. Kingo zikafunguka, na mabamba ya katikati yakabanana hadi zege likasagika kwenye maungio. Bado naona hili linatisha kuliko tetemeko, maana lilikuja siku ya kawaida tu.

“Mimi,” alisema mzee akivaa miwani, “nisingesimama juu yake siku yoyote kati ya hizo mbili.” Watu wakacheka, juri ikatoka kwenda kujadili. Nilipata distinksio, alama ya juu.

Uani, soda mkononi, yule shangazi aliyefyonza alikuwa bado hajaridhika. Nikaanza tena habari ya maji kukandamiza bamba.

“Hayo ni yako wewe uliyesimama juu,” alinikata. “Mimi nakaa Kamanyola, huko chini ambako Ruzizi inashukia.”