Waliouangusha Mswada Bila Kusema La

Kina mama wa kikundi chetu hapa Likoni, Mombasa, walitaka majina. Mswada wa thuluthi mbili ya jinsia, ule wa kuhakikisha jinsia moja haizidi thuluthi mbili ya viti bungeni, ulikuwa umeanguka tena katika Bunge la Kitaifa la Kenya, Februari 27, 2019, na sote tulikubaliana: tupate orodha ya waliopinga, tuwaandikie barua, na wakija kuomba kura tuwasomee. Kazi nikabebeshwa mimi katibu, kwa kuwa ndiye mwenye subira ya kusoma makaratasi ya serikali.

Orodha haikuwepo. Ukumbini walipatikana wabunge 174, na mswada wa kurekebisha Katiba hauwezi kupita bila 233. Basi ukafia hapo. Hakuna aliyelazimika kusimama akasema La. Walioangusha walikuwa kwengineko, kila mtu na safari yake.

Nikafungua Katiba yenyewe. Kifungu cha 122 kinasema mambo ya kawaida huamuliwa na wingi wa wabunge waliopo na wanaopiga kura. Kifungu cha 256, cha kurekebisha Katiba, kinadai thuluthi mbili ya wabunge wote wa kila bunge. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349, Spika hahesabiwi. Thuluthi mbili yao ndiyo hiyo 233. Kumbe swali la kwanza si nani alisema nini. Ni hesabu inafanywa juu ya nani.

Kuwaeleza wenzangu haikuwa rahisi, wallahi. Mfano uliowaingia ulikuja miaka mitano baadaye. Mnamo Juni 25, 2024, Mswada wa Fedha, ule uliowatoa vijana barabarani, ulipata kura 195 za ndiyo dhidi ya 106. Ukapita, ingawa Rais alikataa kuutia saini kesho yake. Nikawarudisha Mei 2016: mswada wa jinsia nao ulipata ndiyo 195, La 28 tu. Ukaanguka! Idadi ni ile ile, na waliopinga mwaka 2016 hata thuluthi ya wale wa 2024 hawakufika.

"Sasa mwanangu," bibi mmoja akaniuliza, "yule anayekaa humo ndani halafu hasemi ndiyo wala la, yuko upande gani?"

Nikamwambia inategemea ni kura ipi. Katika kura ya kawaida amejitoa kwenye hesabu, na kwa kujitoa kwake anawapunguzia kazi wanaopita. Akidi ya Bunge la Kitaifa, yaani idadi ya chini inayotakiwa ukumbini, ni wabunge 50. Wakiwepo hao 50 na wote wakapiga kura, 26 wanatosha kupitisha hoja. Kumi wakijizuia, 21 wanatosha. Kura zikilingana, hoja imeanguka, maana Spika hana kura. Lakini panapotakiwa thuluthi mbili ya wote, kimya chake ni La kamili. Oktoba 8, 2024, wabunge walipopiga kura ya kumbandua Naibu Rais, 281 waliunga mkono, 44 wakapinga, mmoja akajizuia. Ukijumlisha unapata 326, yaani 23 hawamo. Hao na aliyejizuia walimfaa Naibu Rais sawasawa na wale 44, ila hawakutosha.

Kuwapata wasiokuwepo kuna njia, ingawa inachosha macho. Kura ikipigwa kwa majina, Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, huyachapa. Unachukua orodha ya wabunge wote, unakata waliotajwa, na wanaobaki ndio unaowatafuta. Mtu anaweza kuwa mgonjwa au safarini kwa kazi, kwa hivyo barua zetu siku hizi huuliza tu: ulikuwa wapi?

Elimu hii ilitufaa nyumbani pia. Katiba ya kikundi chetu inataka thuluthi mbili ya wanachama wote ili kubadilisha kifungu chochote, na sisi tuko 24. Tulitaka kubadilisha kifungu cha mikopo. Nikajua wapinzani hawanisumbui; wa kuogopwa ni feri, msiba, na shoga aliyeko Kongowea akiuza nguo. Nikashauri kura iwekwe siku ya mtu kupokea mzunguko, yaani pesa za mchango wa zamu, maana siku hiyo hata asiyeonekana huonekana. Nikampigia simu mmoja mmoja, wale wa ndiyo kwanza.

Wakaja 19. Ndiyo 17, La moja, na mmoja akajizuia. Tulihitaji 16.

Aliyejizuia alinifuata baadaye tukinywa chai, akanieleza kwamba hakutaka ugomvi na mtu. Nikamfungulia daftari. Nilikuwa nimemwandika safu moja na wale watano waliokwenda harusini Diani.